Mlango wa Onasi na Mabawabu Wake

Katika ujana wangu nilikuwa nikiwasikia wakubwa wakimtaja mtu fulani kuwa ana shahada ya heshima, nami, kwa uchache wa ujuzi, nikadhani kuwa amepewa kwa kuenziwa tu, kama wapewavyo marais na matajiri waliokijengea chuo maktaba. Hata nilipokua ndipo nilipofahamu kuwa mambo mawili yamegongana katika neno moja, na kwamba joho analovishwa mgeni mtukufu siku ya mahafali halina nasaba yoyote na ile shahada ambayo wanafunzi wetu, kwa kulilainisha neno la Kiingereza midomoni mwao, huiita ya onasi, na ambayo haipatikani ila kwa jasho. Nitalitumia neno hilo la onasi katika habari hii yote, ingawa najua litawakwaruza masikio wapendao Kiswahili kilichochujwa, kwa sababu heshima ni neno lenye kazi nyingi mno kwetu kulitwisha na hii.

Habari yenyewe ni ya mlango. Kijana wa Marekani wa leo akitoka mbio na barua mkononi akisema amepata onasi, maana yake aghalabu ni kwamba amekubaliwa kuingia. Babu yake wa kielimu, yule wa Oxford wa mwanzo wa karne ya 19, akisema maneno hayo hayo alikuwa akikusudia kwamba ametahiniwa, amefuzu, na sasa anatoka. Baina ya kuingia huku na kutoka kule imepita miaka mia mbili, na katika miaka hiyo mlango umesogezwa hatua kwa hatua kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele yake. Na kila uliposogezwa, mabawabu wake walibadilika, na sifa walizozitafuta kwa mgeni aliyebisha hodi zilibadilika pia.

Oxford ya karne ya 18 ilikuwa na jina kubwa kuliko kazi yake. John Scott, aliyekuja kuitwa Lord Eldon na kushika cheo cha juu kabisa katika sheria za Uingereza, alisimulia kwamba mtihani wake wa mwaka 1770 ulikuwa wa maswali mawili tu: katika Kiebrania aliulizwa mahali pa fuvu la kichwa huitwaje, akajibu Golgotha, na katika historia aliulizwa ni nani aliyekiasisi chuo chake cha University College, akajibu kuwa ni Mfalme Alfred, basi akaambiwa kuwa anastahiki shahada. Ladha ya kisa hiki ni kwamba majibu yote mawili yana kasoro, kwani neno lile ni la Kiaramu kuliko kuwa la Kiebrania, na Mfalme Alfred hakukijenga chuo kile, ambacho asili yake ni mali aliyoiacha William wa Durham mwaka 1249. Lakini mtahini aliridhika, na mtahiniwa akaenda zake.

Kwa haya walisimama wakuu watatu wa vyuo vya humo, John Eveleigh wa Oriel, Cyril Jackson wa Christ Church na John Parsons wa Balliol, wakaipitisha kanuni ya mwaka 1800, ambayo pamoja na kuutia mtihani wa kawaida mifupa, ilifungua njia ya pili iliyo ngumu zaidi, ya hiari, kwa yule atakaye kujipima mbele ya watu na jina lake kuandikwa katika orodha ya waliotukuka. Neno la kuzingatia hapa ni hiari. Hapakuwa na fomu ya kuomba wala baraza la kuteua. Kijana aliyejiona anaweza alijitokeza mwenyewe, akasimama katika ukumbi, akaulizwa kwa mdomo habari za Aristotle na Livy huku rafiki zake, na mahasidi wake pia, wakisikiliza. Si ajabu kwamba mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache. Mwaka 1807 hisabati zikatengwa na maandiko ya Kiyunani na Kilatini, na mwaka uliofuata Robert Peel, mtoto wa tajiri wa viwanda vya pamba, akawa wa kwanza kupata daraja la kwanza katika pande zote mbili. Naye baadaye akawa Waziri Mkuu, jambo ambalo liliwatia wazazi wengi wa Kiingereza tamaa ambayo haijawatoka hata leo.

Mlango ulio mwishoni, hata hivyo, una ukatili wake. John Henry Newman, ambaye jina lake halikosekani katika mjadala wowote wa maana ya chuo kikuu, alijifungia na vitabu hata siha yake ikadhoofika, akaingia mtihanini mwaka 1820 akiwa na umri wa miaka 19, akili ikamkatikia mbele ya watahini; katika hisabati hakuonekana popote, na katika maandiko ya kale jina lake likaangukia sehemu ya chini ya daraja la pili. Miaka miwili baadaye, chuo cha Oriel, kile kile alichokuwa akikiongoza Eveleigh, kilimtahini upya kwa mtihani wake chenyewe, kikampa nafasi ya ualimu mwandamizi, kana kwamba kinasema kuwa orodha ya onasi iliwekwa ili kumsaidia mwenye macho, si kumtia upofu.

Nami nisiusifu mlango huu wa hiari kupita kiasi, maana nyuma yake palikuwa na lango la nje lililofungwa kwa komeo nene. Hadi mwaka 1854, aliyetaka kuandikishwa Oxford ilimlazimu kwanza kutia sahihi kuzikubali Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza, basi Mkatoliki, Myahudi na Mprotestanti wa madhehebu mengine walibaki barabarani, wala hapana aliyepata kujua kama wangeweza kusimama ukumbini na Livy wao. Wanawake walingoja hadi mwaka 1920 ndipo wakapewa shahada. Huko Cambridge, ambako onasi zilizaliwa upande wa hisabati na washindi wakapangwa mmoja mmoja kwa nambari, wa mwisho wao akikabidhiwa na wenzake kijiko kikubwa cha mti kwa mzaha hadi desturi hiyo ilipokoma mwaka 1909, Philippa Fawcett aliwashinda wanaume wote mwaka 1890, jina lake likasomwa kuwa liko juu ya yule wa kwanza. Na shahada hakupewa, kwa kuwa chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Alifika juu ya orodha ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwamo.

Aliyeubeba mlango huu na kuuvusha bahari ya Atlantiki ni Frank Aydelotte, aliyezaliwa mwaka 1880 katika mji mdogo wa Sullivan, jimbo la Indiana, akaenda Oxford mwaka 1905, chuo cha Brasenose, kwa fedha zilizoachwa katika wasia wa Cecil Rhodes, yule ambaye jina lake lilibandikwa juu ya nchi mbili za ng'ambo zote mbili za mto Zambezi. Alichokiona huko kilimkaa moyoni: mwanafunzi akiisoma insha yake ya juma kwa sauti mbele ya mwalimu wake, mwalimu akimkatiza, akimrudi, akimtuma tena maktabani. Marekani aliporudi aliikuta elimu ikipimwa kama nafaka, kibaba kwa kibaba, kila somo likiwa na kibaba chake, hata pishi ikijaa mtu akapewa shahada, awe ameelewa au amehudhuria tu. Na mwerevu na mzito wakienda kwa hatua moja katika ukumbi mmoja, mwendo ambao yeye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1944, aliufananisha na ule wa wafungwa waliopangwa safu moja, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake.

Mwaka 1921 akafanywa rais wa Swarthmore, chuo kidogo karibu na Philadelphia kilichoasisiwa mwaka 1864 na watu wa madhehebu ya Quaker, ambacho tangu mwanzo kiliwachanganya wanaume na wanawake, na ambacho wakati ule kilijulikana kwa mpira zaidi kuliko kwa vitabu. Mwaka uliofuata, 1922, alianzisha humo mafunzo ya onasi katika fungu la maandishi ya Kiingereza na fungu la elimu za jamii. Na hapo ndipo mlango ulipohama. Hakuuacha mwishoni kama ulivyokuwa Oxford, wala hakuuleta mbele kabisa; aliuweka katikati. Kwa miaka miwili ya mwanzo kila mwanafunzi alisoma kama kawaida, akajaribu hili na lile, akateleza na kuinuka. Kisha, miaka miwili ikielekea kwisha, mwenye kutaka aliomba, na walimu waliokwisha kumsikia akizungumza na kumsahihishia kazi zake ndio waliotoa kauli.

Aliyekubaliwa alifunguliwa pingu. Hakulazimika tena kuhudhuria mihadhara wala kufanya mitihani ya kila muhula. Badala yake alijiunga na makundi mawili tu ya mafunzo, yenye watu wachache wanaohesabika kwa vidole, kila kundi likikutana mara moja kwa juma kwa saa nyingi, mara nyingi sebuleni kwa mwalimu, na vinywaji mezani, mmoja akisoma alichokiandika na wengine wakikipekua. Msomaji aliyekulia mwambao hatapata taabu kuiona sura hiyo, kwani ni halaka ya darsa iliyovaa koti: kitabu kati, wanafunzi duara, na mwalimu aliyejua kunyamaza kwa wakati wake. Ila katika jambo moja tumeachana nao. Kwetu ijaza, yaani idhini ya kusomesha, hutolewa na sheikh mwenyewe aliyemsomesha mtu, na uzito wake ni uzito wa jina lake na silsila yake. Swarthmore waliotoa hukumu walikuwa wageni. Mwisho wa miaka miwili waliitwa watahini kutoka vyuo vingine, watu wasiomjua mtahiniwa kwa sura, wakatunga maswali, wakasoma majibu, kisha wakaketi naye ana kwa ana kumhoji, na wao ndio walioamua kama ni onasi, onasi za juu, au za juu kabisa.

Katika yote aliyoyafanya Aydelotte, hili ndilo ninaloliona kuwa la hekima kuliko mengine. Mwanafunzi anayejua kuwa mwalimu wake ndiye atakayempa alama hujifunza, kabla ya elimu yoyote, elimu ya kumpendeza mwalimu. Humficha asichokijua, humrudishia maneno yake, hucheka anapofanya utani. Pale mtahini anapotoka mbali, mwalimu hawi tena kadhi bali wakili, na wote wawili, mkubwa na mdogo, wanakaa upande mmoja wa meza wakijiandaa kumkabili mgeni. Na mwalimu naye anatahiniwa, maana mwanafunzi akibabaika mbele ya msomi wa chuo kingine, aibu haimfiki mwanafunzi peke yake. Nadhani ndiyo sababu baadhi ya walimu, katika vyuo vilivyouiga mpango huu, waliyakubali makundi madogo, wakaukubali mlango wa katikati, lakini mtahini wa nje wakamwacha nyumbani kwake.

Miongoni mwa waliopita hapo alikuwamo James Michener, mtoto asiyewajua wazazi wake wa kumzaa, aliyelelewa na mwanamke maskini katika mji wa Doylestown, akaingia Swarthmore mwaka 1925 kwa msaada wa masomo na kutoka mwaka 1929 akiwa na onasi za juu kabisa. Vitabu vyake baadaye vilisomwa na mamilioni. Mfano wake unafaa kuwekwa mbele ya waliosema kwamba onasi ni ubwanyenye ulioingizwa katika nchi ya watu sawa. Aydelotte alikuwa akiwajibu kwamba usawa si kuwalisha wote kipimo kimoja, na kwamba kumzuia mwenye mbio ni dhuluma kama ilivyo dhuluma kumwacha nyuma mwenye kuchechemea. Jibu hilo lina nguvu, nami nalikubali nusu. Nusu ya pili naizuia, kwa sababu lango la nje lilikuwapo hapo pia. Chuo hicho cha Quaker, ambacho wazee wake walikuwa wapinzani wa utumwa, hakikuwafungulia wanafunzi weusi hadi miaka ya 1940, basi yale mazungumzo mazuri ya sebuleni juu ya haki na dola yaliendelea kwa miaka ishirini bila ya mmoja wao kuwapo mezani.

Mwaka ule ule wa 1922 ambao Swarthmore ilianza onasi zake, juu ya kilima kimoja cha Kampala kilifunguliwa chuo cha ufundi chenye wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hicho ndicho Makerere. Kaulimbiu yake ya mwanzo iliwataka wanafunzi wawe wanaume, hata mwaka 1945 walipoingia wanawake ikabidi itafutwe nyingine. Mwaka 1949 kikaingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, maana yake shahada zilikuwa za London, mitaala ilikubaliwa na London, na watahini wa London walishiriki katika kusahihisha. Aydelotte alimwita mtahini wa nje kwa hiari, ili amwokoe mwanafunzi na ubwana wa mwalimu. Makerere mtahini wa nje alikuja na dola. Ni dawa moja katika chupa mbili, na ladha haikuwa moja.

Wanafunzi walioingia kwa cheti cha Cambridge cha shule za sekondari, baada ya kuchujwa na chujio jembamba ambalo wilaya nzima ilijivunia kumpitisha kijana mmoja, walikaa kwanza katika masomo ya matayarisho, na wengi wao wakaendelea na shahada ya jumla yenye masomo kadhaa. Njia ya onasi, yaani ya kuchimba somo moja hadi chini, iliwafungukia wachache. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, aliyefika Makerere mwaka 1959 kutoka shule ya sekondari ya Alliance, aliipita njia hiyo katika Kiingereza, na akiwa bado mwanafunzi aliziandika riwaya zake mbili za mwanzo. Kwamba mtu huyo, aliyechimba maandishi ya Waingereza hadi chini kwa daraja la onasi, ndiye aliyekuja kupigania kuondolewa kwa idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi mwaka 1968 na kisha kuhamia kuandika kwa Kikikuyu, ni jambo ambalo watahini wa London hawakuwa na kisanduku cha kuliwekea alama.

Na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Makerere ya miaka ya 1943 hadi 1945 ilimpa stashahada ya ualimu tu, kwani shahada hazikuwapo, alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 hakuifuata njia ya onasi. Huko Uskoti shahada ya kawaida ilichukua miaka mitatu na ya onasi minne. Yeye akachukua ya kawaida, akasoma uchumi, historia, falsafa ya maadili, anthropolojia ya jamii na Kiingereza, akaimaliza mwaka 1952 akarudi. Mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa kwa kuviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, yeye ndiye aliyekuwa Mkuu wake wa kwanza. Basi vijana waliopata daraja la kwanza la onasi walipokea shahada kutoka kwa mtu ambaye mlango huo aliupita pembeni kwa miguu yake mwenyewe.

Turudi Marekani, ambako mlango ulikuwa haujamaliza safari yake. Chuo kikuu cha Texas kilikuwa kimetangulia mwaka 1935 kuwakusanya wateule tangu mwaka wa kwanza. Lakini mwendo ulikolea mwaka 1957, Joseph Cohen, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha Colorado, alipoiongoza kamati ya vyuo vingi iliyokusudia kueneza onasi katika vyuo vikubwa vya majimbo, na mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo Warusi wakarusha setilaiti ya Sputnik angani, na Wamarekani, waliokuwa wakiamini kuwa hakuna anayewatangulia, wakaanza kuwatafuta watoto wenye akili kama mtu atafutaye ufunguo usiku. Kazi ya kamati ile ilirithiwa mwaka 1966 na baraza la taifa la onasi lililopo mpaka sasa. Chuo kikuu cha Oregon kilianzisha chuo cha onasi cha miaka minne mwaka 1960, na vingine vikafuata, kila kimoja kikiwa nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa, chenye madarasa madogo, mabweni yake, haki ya kuchagua masomo kabla ya umma, na utafiti wa kuandikwa mwishoni.

Sababu yao haikuwa ya elimu tupu. Chuo cha jimbo chenye maelfu ya wanafunzi kilitaka kumwambia mzazi mwenye mtoto hodari kwamba hana haja ya kwenda kulipa ada kubwa ya chuo cha watu binafsi, kwani alichokitafuta kule atakipata hapa kwa bei ya hapa. Na ili kumwahidi hivyo ilibidi ahadi itolewe mapema, kabla kijana hajaamua. Hapo mlango ukafika mbele kabisa, kiasi kwamba leo barua ya onasi mara nyingi hufuatana na ile ya kukubaliwa chuoni, au huifuata kwa majuma machache. Bawabu wake ni mtu wa ofisini ambaye hajamsikia mwombaji akisema neno. Mbele yake pana alama za shule ya sekondari, pengine matokeo ya mtihani wa SAT, ambao ulianza mwaka 1926, barua za walimu wawili, na insha moja ambayo mwombaji amesihiwa aonyeshe ndani yake kwamba yeye si kama wengine. Kijana wa miaka 17 anahukumiwa kwa shule aliyosomeshwa, na shule hiyo, kama Kanuni zile 39, ni jambo ambalo aghalabu alizaliwa nalo. Vyuo vingi vimeliona hilo, vikaacha upenyo wa kuingilia baadaye, mwaka wa pili, kwa aliyechelewa kuchanua. Nao ni mlango wa Aydelotte uliorudishwa kwa nyuma, ukiwa mdogo, wala hautangazwi sana.

Swarthmore yenyewe imebadilisha mengi katika mpango wake, lakini kila mwaka mwezi wa Mei bado inawaita watahini kutoka nje. Hufika wakiwa wamekwisha kuzisoma karatasi, wakapewa chumba na kiti, na mwanafunzi mmoja mmoja huketi nje akiwa amevaa nguo nzuri kuliko za kila siku, mwalimu wake akipitapita katika ujia kwa kisingizio cha kutafuta kahawa, mpaka mgeni afungue mlango na kumwita kwa jina ambalo amelisoma tu na analitamka vibaya.